Paa limeezuliwa, ziwa limechafuka: wa Mwanza na visiwani tunajipangaje baada ya dhoruba?

#1 Fundi Kenchi

Wakuu, salaam.

Tangu ile mvua ya alfajiri simu yangu haijatulia. Mimi ni fundi wa paa hapa Mwanza. Upepo ukivuma usiku, asubuhi napigiwa mimi, na sioni haya kusema ndiyo riziki yangu. Ila safari hii kuna kitu kimenikera hadi nimeamua kufungua uzi.

Kuna mama mmoja Igogo, kule juu kwenye mawe, ameniita nimrudishie bati zake. Nikaziinua moja moja. Zina matundu ya misumari ya mara ya kwanza, zina matundu ya pili tangu zilipoezuliwa msimu uliopita, na sasa anataka nitoboe ya tatu kwenye bati zile zile, juu ya papi (zile mbao zinazoshikilia bati) zile zile ambazo ukizibonyeza kwa kidole gumba zinabonyea. Nikimuuliza kwa nini, ananijibu: "Fundi, watoto wamelala kwa jirani na mvua inarudi." Utamjibu nini?

Hoja yangu ni hii: ile haraka ya siku za mwanzo baada ya dhoruba inatugharimu kuliko dhoruba yenyewe. Tunarudisha kila kitu kilivyokuwa, halafu tunashangaa kikiondoka tena.

Huwa tunaangalia kwenye runinga vimbunga vya Marekani na Msumbiji, tunajisemea sisi wa ziwani Mungu katupendelea. Kwa sehemu ni kweli. Kimbunga kinataka bahari pana yenye maji ya nyuzi joto 26 na ushei kwenda juu, na kinataka msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, ambao karibu na ikweta ni dhaifu mno. Ndiyo maana ni nadra sana kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za ikweta, na Mwanza tupo kama nyuzi 2 na nusu tu kusini yake. Kwa hiyo hakuna dude litakalokuja kuzunguka wiki nzima juu ya Ukerewe. Chetu ni dhoruba ya radi ya saa moja au mbili. Haipewi jina, haitangazwi siku nne kabla, na mara nyingi inatukuta tumelala.

Mlioezuliwa, mlisimama vipi tena? Na wavuvi mtuambie ya huko majini. Karibuni.

#2 Kijana wa Buzuruga

Nakaa hapa pembeni na kahawa yangu. Huu uzi una madini.

#3 Mvuvi wa Kome

Fundi, umesema saa moja. Huku kwetu dakika kumi zinatosha kumaliza ukoo.

Niwaeleze wa mjini mnaotuona tunarudi asubuhi na ndoo za dagaa. Dagaa tunavua gizani, mwezi ukiwa umefichika, maana dagaa anafuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa tunapumzika, tunashona nyavu. Sasa hebu pangeni wenyewe: usiku, giza totoro, mmetoka mbali na mwalo (pale mitumbwi inapoegesha), mmewasha taa zenu za sola, macho yameshazoea mwanga wa taa. Wingu likijenga nyuma yenu hamlioni. Mnachokijua kwanza ni ule upepo wa baridi. Mwili unasisimka, maji yaliyokuwa yanapigapiga ubavu wa mtumbwi yananyamaza kidogo, halafu unasikia mvumo unakuja kwa juu. Hapo wenye akili wameshaanza kuvuta nyavu. Wenye tamaa wanasema tumalizie.

Na mawimbi ya ziwa hili si ya bahari. Bahari ina wimbi refu, chombo kinapanda kinashuka. Letu ni fupi, limesimama wima, na linafuatana. Hujatoka kwenye moja, la pili limeshaingia ndani. Ndio maana mtumbwi unajaa kabla haujapinduka.

#4 Mwalimu wa Sengerema

Mvuvi ameeleza vizuri, naongezea sababu yake kidogo, maana watoto darasani hunishangaa nikiwaambia ziwa hili linajitengenezea hali yake ya hewa lenyewe.

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa inatoka ziwani kwenda nchi kavu, mawingu yanajenga huku kwetu kwenye vilima, na mvua za jioni zinatunyeshea. Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa, maji yanabaki na joto, hewa inatoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani. Inakutana katikati, haina pa kwenda ila juu, na inapanda na unyevu wote wa ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Ndiyo hizo radi za kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Na kwa kuwa upepo mkubwa wa juu unatoka mashariki, upande wa Bukoba na visiwa vya Ssese kule Uganda unapata mvua nyingi kuliko sisi wa Mwanza.

Kuna utafiti uliotoka mwaka 2016, watu walichambua picha za satelaiti, wakaona kwamba siku ambayo radi za alasiri zimekuwa kali nchi kavu kuzunguka ziwa, usiku wake ziwani huwa na hatari zaidi. Mvuvi anaweza kuitumia hiyo bila kifaa chochote. Ukiona jioni vilima vya Magu na Bunda vimepigwa sana, jiulize mara mbili kabla ya kusukuma mtumbwi.

#5 Mvuvi wa Kome

Mwalimu, hilo wazee walikuwa wanalijua bila satelaiti. Ila nashukuru kujua limeandikwa.

Tatizo jioni hiyo hiyo tajiri mwenye mtumbwi anapiga simu anauliza kwa nini hamjatoka, petroli imeshanunuliwa.

#6 Mkilwa

Jamani mimi ni mtu wa kusini, Kilwa, nipo Mwanza kwa kazi. Mei 2024 Hidaya, kile kimbunga cha pwani, ilinikuta likizo nyumbani, kwa hiyo nimeonja vyote viwili.

Tofauti kubwa ni muda. Kwa Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilianza kutangaza siku kadhaa kabla. Redio, misikitini, magari ya matangazo. Boti za Unguja zilisimama. Baba alipandisha mashua juu kabisa, tukafunga paa kwa kamba, tukaweka mchele na mafuta ya taa ndani. Ilipofika Mafia tarehe 4 Mei ilikuwa imeshaanza kupungua nguvu, na upepo kwetu haukuwa ule tulioogopa. Maji sasa! Barabara ya Dar ilikatika pale Somanga na maeneo jirani, magari yakalala njiani, bei ya kila kitu ikaruka. Kwa hiyo huko kwetu kilichotutesa kilikuja baada ya upepo kupita, tena kikakaa.

Huku Mwanza nimepanga Nyegezi. Usiku mmoja nimelala, nikasikia kishindo, nikadhani gari limegonga ukuta. Kumbe ni bati la jirani limetua uani kwetu. Hakuna aliyekuwa ametuonya, wala sijui angetuonya vipi kwa kitu kinachojengeka ndani ya saa mbili.

Na kwa wanaosema Tanzania haina vimbunga: Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ya Unguja ikalala chini, Pemba ikasalimika, na ndiyo moja ya sababu karafuu ikahamia Pemba. Lindi nayo ilipigwa Aprili 1952. Havitokei mara kwa mara, lakini vipo.

#7 Mzee wa Bugarika

Vijana, nawasoma. Mimi nimekaa Bugarika tangu nyumba zikiwa za kuhesabu. Dawa ya upepo ni mawe. Weka mawe makubwa juu ya bati, weka na tairi, bati haliendi popote. Mawe Mwanza hatununui. Hizi habari za fundi ni za kutafuta hela.

#8 Fundi Kenchi

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikubishie kwa heshima.

Upepo haubonyezi paa, unalinyonya. Ukipita kwa kasi juu ya bati unalivuta kwenda juu, na mkali zaidi unakuwa pembeni: kwenye kona, kwenye ukingo na kule mgongoni. Wakati huo huo upepo ulioingia kupitia dirisha lililovunjika au mlango uliofunguka unasukuma kutokea chini. Paa linageuka tanga. Na kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Jiwe lako hapo katikati ya bati halizuii ukingo kuinuka. Ukingo ukishainuka, bati linakunjuka, na jiwe, mzee wangu, linashuka na wewe umelala chini yake. Nimeitwa kwenye nyumba ambayo jiwe limetoboa dari likatua kitandani. Bahati mwenye kitanda alikuwa zamu ya usiku.

Kinachoshika paa ni mnyororo mzima. Bati lishike papi, papi ishike kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi ishike mbao ya ukutani, mbao ishike ukuta. Panapolegea ndipo panapoachia. Nyumba nyingi ninazopanda, msumari wa bati uko sawa kabisa ila kenchi imekaa tu juu ya tofali, imepigwa msumari mmoja wa pembeni, basi. Hiyo paa huondoka nzima nzima na mbao zake, unaikuta shambani imesimama utadhani imejengewa hapo.

Kama unajenga, acha nondo au ukanda wa chuma uliozama kozi kadhaa chini ndani ya ukuta, uje juu uzunguke mbao na ukunjwe. Ukiwa na linta (boriti ya zege juu ya madirisha) inayozunguka nyumba nzima, fungia humo. Kama nyumba imeshajengwa, unaweza kutoboa ukuta chini ya linta ukapitisha waya mnene uliosokotwa, ukafunga kila kenchi. Si kazi ya gharama ya kutisha, inataka uvumilivu tu. Ukingoni piga misumari karibu karibu kuliko katikati, na upige kwenye mgongo wa mkunjo wa bati, si bondeni, bondeni itavuja. Na hii tabia ya kutoa ukingo wa paa mrefu sana kwa ajili ya kivuli bila kuushikilia na nguzo, mnaipa upepo mahali pa kushika.

Kwa bati la geji 30 lililokwisha kutobolewa mara mbili, mimi nasema liwe la banda la kuku.

#9 Mzee wa Bugarika

Marahaba. Nimekusikia. Mawe nitayatoa, tairi naziacha.

#10 Kijana wa Buzuruga

Mzee hakubali kushindwa zote 😂

Swali: mimi ni mpangaji. Paa likienda nani anatengeneza? Mwenye nyumba wangu ananiambia ni "mkono wa Mungu", nijitegemee.

#11 Mwanasheria Mstaafu wa Kirumba

Mdogo wangu, angalia mkataba wako kwanza. Kwa kawaida paa, kuta na muundo wa nyumba ni wajibu wa mwenye nyumba, isipokuwa mmekubaliana vingine kwa maandishi. Kusema ni mkono wa Mungu hakumwondolei wajibu wa kukupa nyumba inayokalika. Piga picha, mwandikie, peleka nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Msikate kodi kimya kimya. Kubalianeni kwa maandishi kwamba utatengeneza na gharama itakatwa kwenye kodi.

#12 Mama Dagaa

Wanangu, mmesahau sisi wa nchi kavu tunaoishi kwa jua.

Mimi naanika dagaa. Mvua ya alfajiri ikinikuta nimeshamwaga mzigo mchangani, hesabu imekwisha. Dagaa akinyeshewa kabla hajakauka anageuka rangi, anakuwa wa njano njano, tumbo linapasuka, inzi hao. Huwezi kumpeleka kwa mteja wa Kongo. Unampa mtu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, na mkopo wa kikoba unaendelea kuhesabu. Hakuna anayeliita hilo maafa. Hakuna diwani aliyewahi kuja kutazama dagaa walionyeshewa. Lakini mwaka wa mvua nyingi wanawake wa mwaloni tunaanguka wengi kuliko wenye nyumba zilizoezuliwa, maana mwenye nyumba atachangiwa bati. Nani atakuchangia dagaa?

Ile miaka ziwa lilipojaa, 2020 na tena 2024, sehemu tuliyokuwa tunaanikia yote iliingia majini. Tukapanda juu kwenye mawe na kwenye njia za watu. Maji yakiwa juu hivyo hata upepo mdogo unaleta wimbi hadi mlangoni, na gugumaji likisukumwa linajaza mwalo wote, mitumbwi haiingii.

Fundi, wewe unayejua mbao, kuna namna ya kutengeneza kichanja chenye paa la kufungua na kufunga? Nisaidie mama yako.

#13 Fundi Kenchi

Mama, shikamoo. Swali lako nalifikiria, nitarudi.

#14 Mjuzi wa Mambo

Ziwa hili limelaaniwa. MV Bukoba dhoruba, MV Nyerere dhoruba, ndege ya Bukoba dhoruba. Wahaya walikuwa na Mugasha wao, Waganda na Mukasa wao, walijua ziwa lina mwenyewe. Tumeacha kumheshimu.

#15 Mwalimu wa Sengerema

Ndugu, Mugasha na Mukasa ni kweli, na mimi nawaheshimu wazee waliowataja kabla ya kuingia majini. Lakini tusimsingizie upepo.

MV Bukoba, Mei 21, 1996, haikuzamishwa na dhoruba. Ilijaza watu na mizigo kuliko uwezo wake na ilikuwa na tatizo la kutotulia majini. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, ilipinduka mchana, karibu kabisa na gati la Bwisya kule Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa, na hapo tena ilikuwa kujaza. Ajali ya ndege ya Novemba 2022 pale Bukoba ndiyo ilitokea kwenye hali mbaya ya hewa.

Nasisitiza kwa sababu tukiita kila kifo dhoruba, aliyejaza chombo anaachiwa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa ziwa zima kwa mwaka, nchi zote tatu. Wengi wa hao hawamo kwenye meli kubwa wala kwenye habari. Ni wawili huku, watatu kule, kwenye mitumbwi.

Na kama unataka dhoruba halisi ya kanda hii, Machi 2015 pale Mwakata, Kahama, mvua ya mawe ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 40. Nyumba nyingi zilikuwa za matofali ya tope. Watu waliangukiwa na kuta wakiwa ndani.

#16 Bint Nansio

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mwalimu, hao "wawili huku, watatu kule", mmoja ni kaka yangu.

Sitaeleza usiku wenyewe. Nataka niseme kuhusu baada, kwa sababu fundi ameuliza.

Kwanza ni kusubiri. Hakuna anayekuambia amekufa. Unaambiwa mtumbwi umepatikana, au kasia, au dumu lenye rangi yenu. Watu wanakaa ufukweni. Wavuvi wenzake walitoka kutafuta kwa petroli yao wenyewe, hadi leo sijui niwashukuru vipi. Wazee wanajua upepo ulivyokuwa unavuma na wanakadiria wapi atatokea, na hapo unajikuta unawachukia kwa kujua. Hadi apatikane hakuna msiba, hakuna rambirambi, mke wake haruhusiwi hata kulia kwa sauti, anaambiwa asimchulie.

Pili, siku za mwanzo tu baada ya kuzika wanakuja watu wa madeni. Injini ilikuwa ya mkopo. Nyavu zilikuwa za tajiri. Shemeji yangu hakuwa anajua hata jina la mtu aliyekopesha. Hakukuwa na karatasi, ilikuwa ni mdomo kwa mdomo kati ya wanaume. Tulikaa kikao cha ukoo, yule tajiri akasamehe nusu, nusu nyingine tunalipa kidogo kidogo. Wengine hawasamehewi.

Tatu, bima, mirathi, cheti cha kifo, kila ofisi inataka kithibitisho. Kama mwili haujapatikana ndiyo kabisa, utazunguka miaka.

Kaka zangu mlio majini: andikeni kwenye daftari nani anawadai na mnamdai nani, na mke ajue daftari liko wapi. Hilo tu.

#17 Mvuvi wa Kome

Dada, pole sana. Daftari nitalianza leo.

#18 Mama Dagaa

Pole mwanangu. Mungu akupe nguvu, na huyo shemeji yako tumwombee.

#19 Mkilwa

Pole dada.

Mvuvi, naomba kuuliza kwa nia njema. Jaketi okozi mnazo? Kusini wengi hawavai, wanasema zinazuia kazi.

#20 Mvuvi wa Kome

Kwenye mtumbwi zipo, zimekunjwa chini ya mbao za kukalia. Ndiyo ukweli wenyewe. Ukivuta nyavu usiku na jaketi nene kifuani unachoka haraka, na zile za bei rahisi zikilowa zinakuwa nzito. Wenzetu wengine wanafunga dumu tupu la lita 20 kwa kamba, wanasema likitokea la kutokea watalikumbatia. Linasaidia ukiwa umelishika. Mikono ikifa ganzi, au ukipigwa kichwa na ubavu wa mtumbwi, dumu halikujui.

Mimi siku hizi nimekubaliana na vijana wangu: ule upepo wa baridi ukigusa shingo, hakuna anayegusa wavu kabla hajavaa. Na taarifa ya ziwa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ninaisikiliza jioni redioni, wanataja upepo na urefu wa mawimbi. Rada ipo hapa hapa Mwanza. Tabu ni kwamba ukishafika katikati, mtandao hamna.

Kitu kingine, mtumbwi ukipinduka msiuache. Usiogelee kutafuta taa za ufukweni, usiku zinaonekana karibu na si karibu. Mtumbwi wa mbao unaelea hata ukiwa umejaa maji. Kaeni juu yake, mjifunge pamoja. Waliopona wengi ninaowajua ndivyo walivyopona.

#21 Mtendaji wa zamani

Nimefanya kazi ya utendaji wa kata miaka mingi, niwasaidie upande wa ofisi, maana watu hupoteza haki kwa kuchelewa.

Nyumba ikiezuliwa, kabla hujaokota hata bati moja, piga picha: nyumba kwa nje pande zote, ndani, vitu vilivyolowa. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji ujiandikishe siku hiyo hiyo. Orodha hupanda kwa mtendaji, kamati ya maafa ya kata, kisha wilaya. Sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati hizo hadi ngazi ya chini. Orodha ikishaondoka, kumwongeza mtu ni vita.

Mjue na hili: kinachotolewa ni msaada, si fidia. Mablanketi, unga, pengine bati chache. Asiyelijua hilo hukaa anasubiri kujengewa, miezi inakwenda. Ninachoweza kusema kwa uzoefu ni kwamba mtaa uliokuwa na mfuko wake wa kuchangiana ulisimama haraka kuliko mtaa uliosubiri gari la wilaya.

Tena msikimbilie kuingia ndani. Waya wa umeme ukiwa umeangukia bati lililolowa, bati zima lina umeme. Zima swichi kuu kama unaifikia pakavu, kama huifikii kaa mbali mpigie TANESCO. Na wa milimani, Mabatini, Igogo, Bugarika, tazameni mawe ya juu ya nyumba zenu. Mvua ikishakokota udongo chini ya jiwe, linaweza kukaa siku mbili ndipo likashuka, jua linawaka.

#22 Kijana wa Buzuruga

Na sisi wa kando ya mto Mirongo? Kwetu paa lipo, ila maji yalifika kitandani. Choo cha jirani kimefurika chote humo humo.

#23 Nesi wa Nyamagana

Mdogo wangu, hayo maji yahesabuni ni ya choo, hata yakionekana masafi. Chakula kilichoguswa nayo tupeni, hata kama ni mfuko wa unga uliolowa pembeni tu. Maji ya kunywa chemsheni au tumieni vidonge vya klorini. Osheni sakafu na kuta kwa sabuni kwanza, ndipo dawa ya klorini. Ukimwaga klorini juu ya tope inapotea bure. Akitokea mtu anaharisha maji matupu kama ya mchele, usingoje asubuhi. Mpeni maji ya chumvi na sukari, yale ya pakiti, njia nzima hadi kituoni.

Na watoto walioshuhudia paa linaondoka, wengi wanaanza kukojoa kitandani au wanalia wingu likijikusanya. Msiwachape. Warudisheni shule mapema, walale na mtu, waacheni waeleze. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache. Isipopungua, waleteni.

#24 Fundi Kenchi

Nimerudi. Yule mama wa Igogo nilimwambia hivi, nanyi mnipime: kwa sasa nifunike chumba kimoja tu kwa turubai na zile bati za zamani, kifungwe vizuri kwa waya, watoto warudi. Vyumba viwili vingine vikae wazi hadi apate papi mpya. Amekubali kwa shingo upande. Jirani yake ameona, ameniambia nimemdanganya mama wa watu ili nirudi kula mara ya pili.

Sasa Mama Dagaa. Nimechora kitu. Kichanja cha miti, kimo cha kiuno, juu yake wavu, dagaa wanapata hewa chini na juu. Paa usifanye la bati, kwa upepo wa mwaloni litakukata watu. Chukua turubai jepesi, upande mmoja lishonee bomba la plastiki au mti mwembamba ulionyooka, ulikunje upande wa ziwa. Mvua ikija mtu mmoja anashika mti anatembea nao hadi upande wa pili, anaingiza kwenye ndoano. Kwa upepo mkali legeza ndoano za upande mmoja, liache lipige kelele. Ukilikaza kote litaondoka na kichanja. Miguu ya kichanja izame ardhini futi mbili, na kama ni kwenye mwamba, fungia mawe makubwa miguuni. Hapo ndipo mawe ya Mzee wa Bugarika yana kazi.

#25 Mzee wa Bugarika

Nilisema.

#26 Mama Dagaa

Wabheja sana mwanangu. Turubai upana gani kwa kichanja cha hatua kumi? Na bomba la robo tatu litahimili au nichukue inchi moja?

#27 Fundi Kenchi

Inchi moja mama, robo tatu litapinda katikati. Turubai lizidi kichanja hatua moja kila upande ili maji yamwagikie nje. Usinunue bado, kuna mtu ana la mitumba ya lori, nitakuja nalo Mwaloni tulipime.